Mkulima wa Bariadi asinunue mpapai dume kwa bei ya jike

MKULIMA wa pamba mkoani Simiyu hajawahi kulazimika kuuliza kama mmea wake ni jike au dume. Ua la pamba lina sehemu zote mbili ndani yake, na kila mche uliostawi hubeba vitumba vyake. Mahindi nayo hutoa mbelewele juu na gunzi ubavuni, katika bua hilo hilo. Mkulima hupanda, hupalilia na kusubiri. Kama mvua imenyesha na wadudu wamedhibitiwa, kila shimo humlipa.

Mpapai hauna tabia hiyo, na hapo ndipo wengi wanaoanza kilimo cha matunda katika Wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanapoumia. Bei ya pamba inapoyumba, mtu huamua kutenga sehemu ya shamba lake kwa ajili ya mapapai. Hununua miche, huchimba mashimo, hutia samadi na kusubiri. Baada ya miezi mitano hivi, anakuta karibu nusu ya shamba lake limetoa vishada virefu vya maua madogo yanayoning'inia, yanayopukutika bila kuacha tunda. Alinunua madume, na aliyalipia bei ile ile ya majike.

Hasara hiyo si bahati mbaya wala si uchawi wa jirani. Inatokana na kutoelewa jambo moja: mche wa mpapai ulioko kitaluni hauwezi kutambuliwa kwa macho kama ni jike au dume. Anayedai kuwa anaweza anabahatisha, au anatafuta kumaliza miche yake. Mkulima akilikubali jambo hilo tangu mwanzo, atapanda kwa namna nyingine kabisa, na shamba lake litamlipa.

Jinsia tatu, si mbili

Mpapai, ambao asili yake ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, una aina tatu za miti. Kuna jike, kuna dume, na kuna mti wenye jinsia mbili, ambao ua lake lina chavua na lina kitunda kichanga kwa pamoja. Jike huzaa mapapai ya mviringo, lakini linahitaji chavua kutoka mti mwingine. Mti wa jinsia mbili hujichavusha wenyewe na huzaa mapapai marefu, ambayo wanunuzi wengi wa mijini huyapenda kwa sababu hupangika vizuri kwenye kreti na nyama yake huwa nene. Dume kazi yake ni kutoa chavua.

Jinsia hiyo imo ndani ya mbegu tangu siku inapoundwa. Kinachoamua ni wazazi. Mbegu zinazotokana na jike lililochavushwa na dume hutoa, kwa wastani, nusu majike na nusu madume. Mbegu za mti wa jinsia mbili uliojichavusha hutoa sehemu mbili za miti ya jinsia mbili na sehemu moja ya majike, wala hakuna dume hata mmoja. Jike likichavushwa na mti wa jinsia mbili, nusu ya watoto huwa majike na nusu huwa wa jinsia mbili, na hapo pia dume halimo.

Ndiyo sababu mbegu ya papai la mviringo lililonunuliwa sokoni ni kamari. Mama yake anajulikana kuwa ni jike, lakini baba yake hajulikani. Kama alikuwa dume la jirani, nusu ya miche itakuwa madume.

Zipo mbegu zilizotengenezwa ili kuepuka tatizo hilo. Aina ya Solo, iliyopelekwa Hawaii mwaka 1911 kutoka Barbados, hutoa miti ya jinsia mbili na majike. Chotara iitwayo Red Lady kutoka Taiwan nayo ni hivyo hivyo. Mkulima mwenye uwezo wa kununua mbegu za namna hiyo, zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa na zenye lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), amejipunguzia kazi kubwa. Lakini asitoe mbegu kwenye matunda ya chotara hiyo na kuzipanda msimu wa pili akitegemea matunda yale yale, kwani sifa za chotara hutawanyika katika kizazi kinachofuata. Na akishapanda karibu na madume ya jirani, mbegu za majike yake zitarudi kwenye kamari ile ile.

Hesabu ya mashimo 200

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano wa mkulima wa Nkololo au Dutwa mwenye mashimo 200, yaliyopandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kwa mbili na nusu. Hiyo ni chini kidogo ya theluthi moja ya ekari. Miche yake ni ya mbegu za kawaida, nusu madume na nusu majike.

Akipanda mche mmoja kila shimo, atapata kama majike 100 na madume 100. Kwa ajili ya uchavushaji dume mmoja hutosha majike 10 hadi 15, hivyo anahitaji madume kama 10 tu. Mashimo 90 yamepotea. Samadi imekwisha humo, palizi imefanyika humo, na sasa ni Aprili au Mei, mvua zinaelekea ukingoni. Akitaka kupanda upya itabidi abebe maji kwa miche michanga kiangazi chote, au asubiri hadi Novemba. Kwa mkulima mdogo, huo ni mwaka mzima uliopotea kwa karibu nusu ya shamba.

Akipanda miche miwili kila shimo, uwezekano wa yote miwili kuwa madume ni mmoja kati ya minne. Atabaki na mashimo kama 50 ya madume na 150 yenye angalau jike moja. Akipanda mitatu, uwezekano wa yote kuwa madume ni mmoja kati ya minane. Mashimo 25 yatakuwa ya madume, na 175 yatakuwa na jike. Baada ya kuchanua, huacha mti mmoja tu kila shimo. Miongoni mwa mashimo yale 25, huacha madume 12 hadi 15 yaliyotawanyika vizuri shambani na kung'oa mengine.

Yupo atakayesema miche mitatu ni gharama mara tatu. Ni kweli, kama miche yote inanunuliwa. Lakini papai moja lina mamia ya mbegu, na kuotesha miche 600 nyumbani kunahitaji viriba, udongo, samadi na maji ya wiki nane. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na mashimo 90 yaliyochimbwa bure. Mfugaji wa Kisukuma anaelewa hesabu hii bila kufundishwa. Hakuna anayefuga madume 100 ya ng'ombe kwa majike 100, na hakuna anayenunua mtamba bila kuutazama. Tofauti ni kwamba ndama hutambulika siku anapozaliwa, na mpapai hutambulika unapochanua.

Kitalu na kuhamisha miche

Kwa kuwa mti uliochanua umeshakuwa mkubwa na hauwezi kuhamishwa, kazi ya kuhamisha hufanywa mara moja tu, mche ukiwa mdogo. Mpapai una mzizi mkuu laini usiopenda kusumbuliwa. Mche ulionyofolewa kutoka tuta la kitalu mizizi ikiwa wazi, ukasafirishwa juani kwa baiskeli kutoka gulio moja hadi jingine, mara nyingi hufa au hudumaa.

Njia iliyo salama ni kusia mbegu moja kwa moja kwenye viriba. Mbegu mbichi ya papai imefunikwa na utando wenye utelezi unaochelewesha kuota. Huoshwa kwa kusuguliwa na mchanga au majivu mpaka utando utoke, kisha hukaushwa kivulini. Kila kiriba hutiwa mbegu mbili au tatu, kwa sababu si zote zitaota, na baadaye huachwa mche mmoja wenye afya. Kuota huchukua wiki mbili hadi nne. Kiriba kiwe na matundu chini, kwani maji yanayotuama huozesha shina la mche kwenye usawa wa udongo.

Mkulima wa Simiyu anayetaka kupanda mvua za Novemba anapaswa kusia mwanzoni mwa Septemba. Miche ikifika urefu wa sentimita 15 hadi 20, iko tayari. Wiki mbili kabla ya kuipeleka shambani, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo na maji hupunguzwa, ili izoee jua. Mche uliolelewa kivulini mpaka siku ya mwisho hunyauka siku ya kwanza.

Siku ya kuhamisha, kazi ifanyike jioni au siku yenye mawingu. Kiriba hupasuliwa kwa wembe ubavuni na kuondolewa taratibu, donge la udongo likibaki zima. Kuvuta mche kwa shina ni kukata mizizi. Mche uwekwe katika kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Ukizikwa zaidi, shina huoza. Miche mitatu ya shimo moja ipandwe kwa pembe tatu, ikiachana sentimita 20 hadi 30, ili baadaye miwili iweze kuondolewa bila kuusumbua utakaobaki.

Udongo nao una neno lake. Udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni hupitisha maji vizuri na huufaa mpapai, mradi utiwe samadi ya kutosha. Udongo mweusi wa mbuga, unaoipenda pamba na mpunga, ni hatari. Mizizi ya mpapai ikikaa ndani ya maji yaliyotuama kwa siku mbili tu, mti unaweza kufa. Mwenye shamba la mbugani na asiye na jingine, apande juu ya matuta yaliyoinuliwa na achimbe mifereji. Ibambasi, ule udongo mgumu unaozuia maji kushuka, ni bora uachwe.

Kusoma ua

Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita baada ya kuhamisha, maua huanza. Hapo ndipo mkulima anatakiwa kupita shambani kila baada ya siku mbili au tatu, akiwa na wembe mkononi.

Dume hutambulika kwa urahisi. Maua yake ni mengi, madogo na membamba, na yako kwenye vikonyo virefu vilivyotawanyika, vinavyoning'inia mbali na shina. Ua la jike ni kubwa, limekaa karibu na shina, peke yake au mawili matatu, na chini yake limenenepa. Ukilifungua kwa wembe, unaona kitunda cha mviringo na huoni chavua yoyote. Ua la mti wa jinsia mbili nalo liko karibu na shina, ila ni refu zaidi. Ukilipasua, unaona kitunda chembamba kirefu, na kando yake vijiti vifupi vyenye chavua ya manjano.

Hapa haraka haraka haina baraka. Madume kwa kawaida hutangulia kuchanua, hivyo mkulima akiona wiki za kwanza madume matupu asikate tamaa kwamba shamba zima ni la madume. Pia mti wa jinsia mbili wakati mwingine huanza na maua yasiyo na kitunda kizuri ndani. Ukaguzi wa ua moja hautoshi. Afungue maua matatu au manne ya mti mmoja, kwa siku tofauti, ndipo aamue. Akiamua, mti usiotakiwa ukatwe chini kabisa kwa kisu au panga. Kuung'oa huvuruga mizizi ya ule unaobaki.

Kwa shamba la mbegu za Solo au Red Lady, ambako hakuna dume, swali ni lipi libaki kati ya jike na jinsia mbili. Wanunuzi wengi watasema jinsia mbili. Lakini kiangazi cha Simiyu kinashauri vingine. Katika joto kali na uhaba wa maji, mti wa jinsia mbili huweza kutoa maua yenye tabia ya kiume kwa kipindi fulani, na sehemu ya shina ikabaki bila matunda. Jike haligeuki hivyo. Mkulima asiye na uhakika wa maji kuanzia Juni hadi Oktoba atafanya busara kuacha mchanganyiko wa aina zote mbili, badala ya kufyeka majike yote.

Msumari haumgeuzi dume

Ipo imani iliyoenea kwamba mpapai dume ukipigiliwa msumari, au ukikatwa kichwa, hugeuka jike. Wanaosimulia hutoa ushahidi wa mti wa jirani uliozaa baada ya kufanyiwa hivyo. Ni kweli kwamba baadhi ya madume, kwa mabadiliko ya hali ya hewa au baada ya kujeruhiwa, hutoa mapapai machache yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Lakini tabia hiyo hutokea hata bila msumari, hutofautiana kutoka mti hadi mti, na matunda yake ni machache na madogo. Si biashara.

Hasara ya imani hiyo iko kwenye maji. Mkulima aliyebakiza madume 85 yasiyohitajika akisubiri msumari ufanye kazi, na kuyapa kila moja ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, atakuwa amebeba lita 54,400 katika wiki 16 za kiangazi. Hizo ni ndoo 2,720 zilizomwagwa kwenye miti isiyozaa, katika mkoa ambao akina mama huamka alfajiri kutafuta maji kwenye malambo.

Lipo kosa la upande wa pili, la kukata madume yote. Shamba la majike matupu hubaki bila chavua, maua hupukutika, na mkulima hulaumu mbegu. Na hata madume yakiwepo, lazima kuwe na wa kuipeleka chavua hiyo. Utafiti uliofanywa katika Bonde la Kerio nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nondo wakubwa wanaoruka jioni na usiku ndio wachavushaji muhimu wa mipapai huko, na kwamba mashamba yaliyo karibu na mapori hupata nondo zaidi kuliko yaliyo mbali.

Somo hilo linawahusu Wasukuma moja kwa moja. Ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kwa desturi, yalifufuliwa kwa nguvu na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012. Wengi huihesabu ngitili kama nyasi za ng'ombe na kuni. Kwa mwenye mipapai, kichaka kilicho jirani ni nyumba ya nondo. Kwa sababu hiyo hiyo, mipapai isipandwe bega kwa bega na pamba inayopuliziwa dawa za wadudu. Dawa haichagui kati ya funza wa vitumba na nondo anayebeba chavua.

Wauzaji nao waseme ukweli

Lawama zote haziwezi kumwangukia mkulima. Kwenye magulio, na hata kwenye Nane Nane za Nyakabindi, mche wa mpapai huuzwa kwa maneno matupu. Muuzaji anayesema "haya ni majike matupu" anapaswa kuulizwa swali moja tu: mbegu imetoka kwenye mti gani? Kama ni chotara, aonyeshe pakiti na lebo. Kama ni papai la mviringo la sokoni, aseme wazi kwamba nusu inaweza kuwa madume, na apunguze bei ili mnunuzi aweze kuchukua mitatu kwa kila shimo. Muuzaji mkweli hatapoteza wateja. Atapata wanaorudi.

Maofisa ugani wa halmashauri nao wana kazi nyepesi kuliko wanavyodhani. Hakihitajiki kifaa chochote cha maabara. Zipo nchi ambako jinsia ya mche hupimwa kwa vinasaba, lakini mkulima wa Itilima hana haja ya kusubiri huduma hiyo ifike. Ofisa akipita kijijini mwezi Aprili akiwa na wembe na maua matatu, la dume, la jike na la jinsia mbili, akayapasua mbele ya wakulima, somo hilo la nusu saa litaokoa mashimo mengi kuliko vipeperushi.

Na mkulima mwenye subira anaweza kujitengenezea mbegu yake. Akiwa na mti wa jinsia mbili unaozaa vizuri, usio chotara, afunike ua moja kwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka, alifunge kwa uzi, na aliache hadi tunda lishike. Mbegu za papai hilo hazitatoa dume. Mfuko mmoja wa karatasi utampa miche ya shamba zima, naye atakuwa muuzaji anayejua anachouza.

Mapapai ya Bariadi yana soko mjini Bariadi kwenyewe, Maswa na Lamadi, na barabara ya lami kutoka Lamadi huyafikisha Mwanza kabla hayajalainika. Kinachokosekana si soko. Anayetaka kuvuna mwaka unaofuata mvua za Novemba aanze kuandaa viriba Agosti, aoteshe mara tatu ya mashimo yake, na asimwamini yeyote anayedai kulijua dume kabla halijachanua.